Kipima stima cha kuchomeka: nimekitumia kwenye nyumba ya mita moja, Majengo, Mombasa

Aliyewahi kupanga nyumba ya Kiswahili yenye mita moja anaujua ugomvi wa tokeni za stima. Vyumba vyote vinachanga sawa, na zikiisha mapema kila mtu anamtazama mwenzake. Kwetu lawama zote zilikuwa za friza ya bi mkubwa wa chumba cha mbele, anayeuza barafu na sharubati ya ukwaju. Naye ana jibu lake: "Mwanangu, pasi zenu hizo ndizo zinazokula tokeni, si friza yangu."

Nikaenda Mwembe Tayari nikanunua kipima stima, kile kidude kinachokaa kati ya soketi na plagi ya chombo. Shilingi 1,800. Kinaonyesha volti, wati za sasa hivi, uniti zilizokwisha kutumika (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), na ukikiingizia bei ya uniti moja, kinakupa na shilingi. Bei hiyo usiitoe kwenye orodha ya viwango, maana juu yake kuna gharama ya mafuta, kodi na tozo nyingine. Chukua ujumbe wa tokeni, ugawe pesa ulizotuma kwa uniti ulizopata. Kwetu ilitoka shilingi 30 hivi.

Pasi ndiyo niliyoanza nayo, kwa heshima ya bi mkubwa. Kibandiko kinasema wati 1,200, lakini pasi hujizima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, kwa hivyo saa nzima ya kunyoosha nguo ilikula uniti 0.6 tu: shilingi 18. Birika la umeme ni wati 2,000, linatisha, ila linawaka dakika tano basi. Shilingi tano zimekwenda. Feni ya kusimama, wati 50 kwa saa kumi za usiku, ni shilingi 15, na kaskazi hii nani atalala bila feni?

Friza sasa. Hapa ndipo pesa yangu ilipolipa, kwa sababu kibandiko cha friza hakikuambii kitu. Mota yake huwaka na kuzima yenyewe kulingana na joto la chumba na mlango unavyofunguliwa, na mlango wa muuza barafu haupumziki. Niliacha kipima usiku na mchana: uniti 2.3, yaani karibu shilingi 2,000 kwa mwezi. Bi mkubwa alitaka kuiona namba kwa macho yake, akavaa miwani, akainama, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na hii haiwezi kupungua?"

Inaweza. Tuliweka noti ya hamsini kwenye mdomo wa friza tukafunga. Ikavutwa ikatoka bila kushikwa na chochote. Raba imekufa, baridi inavuja. Fundi akaweka nyingine, tukayeyusha ganda la barafu lililoshika kuta za ndani, tukaivuta friza mbali na ukuta ili mgongo upate hewa. Kipimo cha pili: 1.6. Mchango wake ukapangwa upya kwa hesabu hiyo, na safari hii hakubisha.

Kilichonishangaza zaidi ni dikoda. Wati 10, hata televisheni ikiwa imezimwa. Lakini haizimwi kamwe, na kwa mwezi inafika uniti 7.2. Kwa Kenya, tangu Aprili 2023, ngazi ya bei nafuu kabisa ya nyumbani ni ya wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Dikoda peke yake inakula karibu robo yake. Sisi wa mita moja ngazi hiyo tunaiona kwa mbali tu: kila chumba kingekuwa na mita yake, baadhi yetu wangeingia humo, lakini tukijumlishwa tunavuka 100 na wote tunalipa bei ya juu. Mwenye nyumba ameshaambiwa. Anasema ataangalia.

Kasoro za kidude zipo. Kioo hakina taa, vitufe ni vidogo mno, na ni kinene hata kinaziba soketi ya pili. Chini ya wati tatu nne usikiamini. Mwisho wake ni ampia 13, na vilivyofungwa moja kwa moja kwenye waya, kama pangaboi (feni ya dari) au hita ya bafuni, hakivigusi kabisa.

Pangaboi nililipima kwa mita yenyewe, bure. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa yake nyekundu inamweka mara 1,000 kwa kila uniti. Zima vyote nyumba nzima, acha pangaboi tu, hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na wa pili, kisha ugawe 3,600 kwa sekunde hizo. Langu lilitoa sekunde 48, kwa hivyo ni wati 75. Kazi ni kuwashawishi wapangaji wote wazime kwa pamoja. Jaribu baada ya alasiri, usijaribu wakati wa mpira.