Uzoefu wangu na kipima upitishaji umeme kwenye tanki la sabuni ya maji

Nimekitumia kipima hiki cha mkononi miezi minane sasa. Nilikinunua baada ya mteja kunirudishia madumu mawili ya siku moja: moja zito kama uji, jingine jepesi kama maji. Chumvi ya kuongezea uzito haikuwa imeenea, na mimi kwa macho niliona kila kitu kimechanganyika. Maji yenye chumvi zaidi hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo namba ya kipima huonyesha kama chumvi imefika pale kilipo kijiti.

Kwanza nilijaribu kwa maji matupu. Nikajaza tanki lita 500, nikafunga kijiti cha kupimia karibu na ukuta upande wa chini, nikawasha mashine ya kukoroga, kisha nikamwaga juu nusu kilo ya chumvi iliyokwisha yeyushwa. Namba ilianza mikrosimensi 320 (kipimo cha upitishaji umeme, kwa kila sentimita), ikapanda, ikasita, ikapanda tena hadi ikatulia 2,250 hivi. Muda wa kuchanganyika huhesabiwa mpaka ibaki asilimia 5 tu ya mabadiliko yote, kwangu ni kwenye 2,150. Ilichukua dakika 2 na sekunde 40! Kuchungulia ndani, maji yote yanazunguka kwa pamoja, shimo katikati, ya chini hayapandi na ya juu hayashuki. Ili kuvunja mzunguko huo, fundi akanichomelea mabati manne wima ukutani kwa ndani, upana wa kila moja kama sehemu ya kumi ya kipenyo cha tanki. Nikapima tena mara tatu: sekunde 40, 38, 41.

Kwenye sabuni yenyewe muda ni mrefu zaidi kwa sababu ni nzito, kwa hiyo huko sihesabu sekunde. Nachota sampuli juu, katikati na chini, naacha povu litulie, nalinganisha namba zake kwenye kipima. Zikitofautiana, naendelea kukoroga.

Kasoro zipo. Kiputo kikinasa kwenye kijiti, namba inashuka ghafla. Utando wa sabuni nao unadanganya, lazima usuuze kila mara. Waya ni mfupi, nimelazimika kukifunga kwenye fimbo. Halafu joto: kila nyuzi moja ya Selsiasi hubadilisha usomaji kwa takriban asilimia 2, na hiki changu huchelewa kurekebisha, hivyo nasubiri sampuli zote zilingane joto ndipo nisome.

Ukienda kununua, dai na kichupa cha maji ya kusahihishia ya mikrosimensi 1,413, yaani maji ambayo namba yake inajulikana, ya kurekebishia kipima. Changu kilikuja bila hicho, na wiki ya kwanza yote kilisoma juu bila mimi kujua.