Huduma Centre au eCitizen: uende wapi?

Huduma Centre ni ofisi ya serikali ya Kenya yenye huduma nyingi chini ya paa moja. Ya kwanza ilifunguliwa Nairobi Novemba 2013, na leo kila kaunti kati ya zote 47 ina yake. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilifuata 2014, na sasa maelfu ya huduma za serikali yamo humo.

Kwa kasi, eCitizen inashinda. Unajaza fomu usiku ukiwa kitandani, unalipa kwa M-Pesa kupitia namba ya Paybill 222222, basi. Lakini inahitaji bando, simu nzuri na mtu anayejua kusoma maelezo. Nyanya asiye na hivyo ataishia kwa saiba (duka la intaneti), amlipe kijana wa kompyuta, na siri zake zibaki kwenye mashine ya watu. Hilo linaniuma sana. Pia Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, huduma nyingi zikakwama.

Huduma Centre ina foleni, tena ndefu shule zikikaribia kufunguliwa, na nauli ni yako. Ila kuna mhudumu wa kukusaidia ana kwa ana. Ukikosea jina la mzazi, anakuonyesha kwa kidole hapo hapo.

Na kuna kazi zinazokulazimu kwenda mwenyewe. Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa na kulipiwa eCitizen, fomu ya C24 inachapishwa, kisha ni lazima ufike ukachukuliwe alama za vidole, kidole kimoja kimoja.

Mimi kwa kulipa na kujaza fomu, naenda eCitizen. Kwa mzazi wangu, nampeleka dirishani, na namba ya foleni namshikia.