Intakula ya Mbele kwenye Forester XT: Unapata Nini, Unapoteza Nini

Mwangaluka watazamaji, karibuni tena hapa Tabora. Mzigo wa leo ndio huu mezani: intakula ya mbele, yaani kipoza hewa ya turbo kinachofungwa mbele ya rejeta, kiini milimita 600 kwa 300, unene 76, na mabomba yake ya inchi mbili na nusu. Wenye Forester XT, zile Subaru za turbo, mmeiulizia sana. Nianze na jibu: kama presha ya turbo haijaongezwa, hela yako iache mfukoni.

Turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, ikisukuma presha ya bar 0.8, hewa inatoka na joto la kupita nyuzi 100. Intakula ya kiwandani, ile iliyolala juu ya injini, inaipoza vizuri gari likiwa kwenye mwendo. Likisimama, joto la injini linapanda na kuichemsha, ndiyo maana ukitoka mizani gari linakuwa zito kwa muda. Ya mbele imeepuka hilo. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 40, inakuwa nzito kwa kama asilimia 6, yaani injini inavuta hewa nyingi zaidi na kupata nguvu. Faida ndiyo hiyo.

Hasara sasa. Njia ya hewa imerefuka, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linachelewa kuitika. Halafu imeziba rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Jua la Oktoba, madumu ya mawese nyuma, unatoka Kigoma kuja huku: mshale wa joto utaanza kukusumbua, na injini hizi zikichemka mara moja tu gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Vumbi na wadudu nao wanajaa kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kiini. Osha kwa maji ya presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari inayalaza.

Sogeza kamera hapa, kwenye mdomo wa bomba. Umenyooka, hauna ukingo uliotuna. Hozi ya silikoni itachomoka hapa ukiwa unaovateki. Sensa ya hewa imeshapima hewa ambayo sasa inamwagika nje, kompyuta inamwaga petroli ileile, unapata moshi mweusi na injini inazima. Kataa bomba la namna hii, au fundi wa kuchomelea alumini aliwekee ukingo.

Kabla ya kununua chochote, pima uliyonayo. Chomoa hozi ya kuingilia turbo, ziba kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ziba na hozi ya kupumulia injini, jaza upepo taratibu, usipite psi 15. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio, hasa pale plastiki inapobanana na alumini. Povu likitoka, ugonjwa wako ni huo, wala si udogo wa intakula.

Ukishapandisha presha, tafuta kwanza ya juu iliyo kubwa zaidi. Ukishikilia hii ya mbele, futa mafuta yote kwenye midomo ya mabomba kabla ya kuvisha hozi, tumia klempu za bolti, na ukifika kilomita 100 zikaze tena.