Kabla hujalipia programu ya kusoma, isikilize inavyomtaja ng'ombe

Mwezi wa pili wazazi wa watoto ninaowafundisha Jumamosi barazani kwangu, hapa Makorora, Tanga mjini, walichanga shilingi 42,000. Watoto kumi na wanne, elfu tatu tatu. Nikaenda kulipia programu ya kusoma na kuandika Kiswahili, muhula mzima, kwa lipa namba ya duka moja la simu kule Ngamiani. Kijana wa duka akaniwekea kwenye kishikwambi changu (ni vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022), akaifungua: rangi tele, kasuku anacheza ngoma. "Mwalimu, hii inatumika dunia nzima." Miaka kumi na tisa nafundisha darasa la kwanza, na bado nikapumbazwa na kasuku.

Jumamosi ya kwanza tukafika kwenye picha ya ng'ombe. Sauti ya mwanamke ikasema "ngombe", ng ya ngoma. Watoto wakatazamana. Mmoja, ambaye kwao wanafuga, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mama ana mafua?" Tukacheka. Kicheko kiliisha ilipofika zamu ya kuandika, maana kibodi yao haina ritifaa. Mtoto anabonyeza n, anabonyeza g, anatafuta kile kialama cha juu haoni, basi anaendelea na o, m, b, e, na kasuku anampigia makofi. Yaani anapongezwa kwa kukosea, tena kwa hela ya mama yake muuza vitumbua.

Nikarudi dukani. "Mama, malipo ya mtandaoni hayarudi." Risiti je? "Si umepata meseji?"

Kwa hiyo msinitegemee hapa kwa habari za rangi, idadi ya masomo, wala nyota ngapi imepewa. Hayo yako kwenye tangazo. Mimi siku hizi naingia na maneno matano mkononi: ng'ombe, mbu, mbuzi, thamani, dhahabu. Kabla sijatoa senti, programu inisomee hayo matano na inikatie silabi zake.

Ng' ni sauti moja inayotokea puani. Ng ya ngoma ina g inayosikika. Ukimwambia mtoto ang'oe magugu, ni kazi ya shamba. Ngoa bila ritifaa ni wivu, ile wanayoililia watu. Mbu ni m-bu, silabi mbili, lakini mbuzi ni mbu-zi, na herufi za mwanzo ni zilezile. Mtoto wa Tanga anaijua tofauti hiyo kwa sikio kabla hajaijua kwa jicho. Programu iliyotengenezwa kwa lugha ya watu wengine kisha ikavishwa kanga ya Kiswahili hukata yote kwa panga moja: m-bu, m-bu-zi, na mtoto anaanza kusoma kama anayekwamwa na mwiba wa samaki. Thamani ikisomwa samani umeshahama kutoka bei kwenda kwenye makochi. Dhahabu ikawa zahabu, basi tena. Wako watakaosema hayo ni maringo ya watu wa pwani. Sawa. Lakini tunamfundisha kusoma, na kusoma kwa Kiswahili kunakwenda kwa silabi. Silabi ikiharibika, hakuna kilichobaki cha kufundisha.

Sasa niwapangie ninazozipendekeza. Nafasi ya kwanza, na sitaficha upendeleo wangu: African Storybook. Ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulianza kutumika 2014, na una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Zimepangwa kwa ngazi tano: kuanzia maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu zaidi, hadi zile za mwalimu kuwasomea watoto. Hulipii. Unapakua mara moja ukiwa na bando, halafu unasoma hata mtandao ukikatika.

Lakini hilo la bure silo lililonivuta. Leseni yake inaruhusu kubadilisha. Waandishi na wafasiri ni watu wengi wa kila mahali, kwa hiyo isome kwanza mwenyewe kwa sauti, uisikie. Ukikuta neno halijakaa sawa kwa watoto wako, unatengeneza toleo lako hapohapo kwenye tovuti na kulihifadhi, ilimradi jina la mwandishi na mchoraji libaki. Wapi tena unauziwa kitu chenye kasoro ukaruhusiwa kukirekebisha kwa mkono wako? Gharama yake ni fotokopi. Steshenari ninayoiendea wananichaji shilingi 100 kwa ukurasa. Hadithi ya kurasa 12, nakala saba, watoto wawili wawili, ni 8,400. Kwa zile 42,000 ningepata hadithi tano kamili, za kukaa nyumbani hata umeme ukikatika. Nikifika hapo kwenye hesabu nanyamaza.

Nafasi ya pili naigawa kwa programu mbili: onecourse ya onebillion, ya Uingereza, na Kitkit School ya Enuma. Hizi zina historia na mkoa wetu ambayo wauzaji wa hapa mjini hawaijui, au wanaijua wakatukalia kimya. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, yalifanyiwa majaribio yake Tanga. Programu tano zilizofika fainali ziliwekwa kwenye tableti za Pixel C zilizotolewa na Google, zikapelekwa katika vijiji takriban 170 na vituo vya kuchaji kwa jua, zikapewa watoto wapatao 2,700, miezi kumi na mitano, bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya tisini kwa mia ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakatangazwa washindi kwa pamoja, wakagawana dola milioni 10. Na sharti la mashindano lilikuwa kazi za waliofika fainali ziachwe wazi, kila mtu azitumie.

Nazipenda kwa sababu Kiswahili kilikuwemo tangu siku ya kupimwa, hakikuletwa baadaye kama kiraka. Mbona hazikushika nafasi ya kwanza basi? Ziliundwa kwa mtoto mmoja na kifaa chake. Mimi nina kishikwambi kimoja na watoto kumi na wanne, na mtoto aliyekishika hapokonyeki. Mwenye mjukuu mmoja nyumbani aanze nazo.

Ya tatu ni StoryWeaver, ya Pratham Books wa India, iliyofunguliwa 2015. Nayo ni bure, ina ngazi, ina hadithi za Kiswahili, na unaweza kutafsiri mwenyewe. Picha zake ni nzuri mno. Ila mtoto wa Chumbageni akikutana na sari kila ukurasa atakuuliza maswali mpaka kipindi kiishe.

Kwa walio chini ya miaka sita, Akili and Me ya Ubongo, wetu wenyewe wa Dar es Salaam: washie katuni, ukapike. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu viko kwenye maktaba mtandao yao, bure, na mwalimu asiyevijua ajitazame. Memori kadi za elfu tano zenye "masomo yote": hapana.

Kuandika sijakupangia chochote, na si kwa kusahau. Kuburuza kidole kwenye kioo hakumfundishi mtoto kushika penseli. Nunua chaki na ubao mdogo, au mpeleke Raskazone maji yakitoka akaandike mchangani.

Nirudi kwa wauzaji, maana bado wananikera. Wiki iliyopita nimekuta kwenye duka jingine vijitabu vimebanwa vizuri kwa stepla, shilingi 4,000 kimoja. Nikafungua, nikaijua hadithi, ni ileile ninayoipakua bure. Kuuza si kosa, leseni yenyewe inaruhusu, na karatasi zina gharama. Lakini ukurasa wa nyuma, palipokuwa na jina la mwandishi na la mchoraji, pamezibwa kwa karatasi nyeupe kabla ya kutoa kopi, na juu yake limepigwa muhuri wa duka. Hilo haliruhusiwi. Nikafunua ndani zaidi. Walikuwa wameichapa upya kwa herufi kubwa, na palipotakiwa ng'ombe paliandikwa ngombe, mwanzo hadi mwisho. Nikamwonyesha mwenye duka.

"Mama," akasema, "si anaonekana hapo kwenye picha?"