Uchambuzi: Men of Mark, juzuu la tatu la 1878. Hesabu picha kabla hujalipa

Habarini watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani nina kitabu kimoja tu cha picha za watu mashuhuri: Men of Mark, juzuu la tatu, kilichochapwa London mwaka 1878. Mikono nimenawa na kuikausha vizuri. Glavu za pamba sivai, kwa sababu vidole haviisikii karatasi, na hapo ndipo watu huichana.

Majuzuu yako saba, yalitoka kati ya 1876 na 1883, na kila moja lina picha 36. Waliopiga ni studio ya Lock & Whitfield; wasifu mfupi wa kila mtu uliandikwa na Thompson Cooper. Wanasiasa, maaskofu, majenerali, waandishi, wanasayansi. Wote ni wanaume, na hilo linanisikitisha kila nikikifungua.

Haya, sogeeni. Huyu ni Charles Darwin, anakaribia miaka 70. Julia Margaret Cameron alishampiga picha mwaka 1868, na ile ya Cameron ina uzito wa kisanii kuliko hii, sibishi. Lakini tazameni ndevu. Naweka lenzi ya kukuza mara kumi. Mnaona nukta? Hakuna hata moja. Kivuli kinateremka taratibu kutoka shavuni hadi kwenye koti bila kukatika. Picha ya gazeti ukiikuza hivi unaona vidoadoa tu.

Siri ni njia ya kuchapa picha aliyoisajili Walter Woodbury mwaka 1864. Utando wa jelatini yenye kemikali unawekwa chini ya negativu (picha ambayo penye giza panaonekana peupe, na peupe giza) na kupigwa mwanga. Penye mwanga unakuwa mgumu. Sehemu nyingine zinayeyuka kwenye maji ya uvuguvugu. Kinachobaki ni utando wenye vilima na mabonde. Ukikauka, unakandamizwa kwenye bamba la madini ya risasi kwa mashine ya nguvu kubwa sana, na risasi inabonyea kufuata umbo lile. Kisha wanamimina jelatini ya moto iliyochanganywa na rangi, wanalaza karatasi, wanabana. Penye shimo refu rangi inakaa nyingi, giza linakolea. Penye kina kifupi panakuwa peupe. Nikiinamisha ukurasa kwenye taa, giza la koti limeinuka kidogo. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kwanza.

Na kwa kuwa hakuna madini ya fedha ndani yake, picha hii haipauki. Vitabu vya miaka ya 1860 vilivyobandikwa picha za karatasi ya ute wa yai, vingi leo vina nyuso za njano. Darwin huyu ana miaka zaidi ya 140 na weusi wake bado mbichi.

Sasa tahadhari, na hapa naomba mnisikilize. Rangi ilikuwa inachuruzika pembeni, hivyo kila picha ilikatwa kingo na kubandikwa kwa mkono. Maana yake ni rahisi kuiondoa. Kuna wanaonunua vitabu hivi wakachana kurasa na kuuza sura mojamoja, na mtu maarufu kama Darwin ndiye wa kwanza kuondoka. Inaniuma sana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua juzuu jingine kwa kuangalia picha tano alizonitumia muuzaji. Lilipofika, kurasa mbili zilikuwa zimekatwa kwa wembe karibu na mshono. Tangu siku ile naomba picha ya orodha ya majina, halafu picha za kurasa zote 36. Muuzaji akikataa, naachana naye.

Jalada la hiki changu ni zuri, ila kurasa tatu zimeachia. Vitabu vingi vya picha vya enzi ile vilifungwa kwa gundi ya mpira badala ya uzi, na mpira ukikauka kurasa zinadondoka. Hilo linavumilika. Msipake gundi ya dukani. Mpelekeeni mfungaji wa vitabu. Madoa ya hudhurungi kwenye ukingo mweupe pia si tatizo kubwa, mradi hayajaingia usoni.

Mlioko Mombasa, Unguja au Dar, unyevunyevu ndio adui. Kilazeni mbali na ukuta wa nje, wala msikifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Ushauri wangu: anza na juzuu moja lililotimia, usikimbilie seti. Mimi sasa natafuta la mwisho, la 1883. Ukilikuta mnadani na picha zake 36, niandikie hapo chini.