Dodoso la SDQ skulini: humfaa mtoto mkimya, hesabu yake itazamwe

Mtoto anayepigana au asiyetulia kitini, mwalimu humjua wiki ya kwanza. Anayepitwa ni yule mpole wa kona, asiyemsumbua mtu. Ni huyo hasa anayenufaika na SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire), dodoso la uwezo na shida za mtoto alilolitunga daktari Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997. Tafsiri ya Kiswahili ipo, na nakala za karatasi ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Maswali ni 25, matano matano katika makundi matano: hisia, tabia, utukutu na umakini, uhusiano na wenzake, na wema kwa watu. Mzazi au mwalimu huchagua si kweli, kweli kiasi au kweli kabisa. Dakika kama tano zinatosha. Swali la 3 linauliza kama mtoto hulalamikia mara kwa mara kichwa au tumbo. Kwetu Zanzibar, ambako dawa za minyoo hugawiwa skuli, kila tumbo husingiziwa minyoo. Kituo cha afya kwanza, ndiyo. Lakini tumbo linalouma kila asubuhi wakati wa kuitwa majina, likapoa kengele ya kurudi nyumbani ikilia, linataka jicho jingine.

Balaa liko kwenye hesabu. Kawaida kweli kabisa ni 2, kweli kiasi 1, si kweli 0. Maswali ya 7, 11, 14, 21 na 25 yamegeuzwa kwa sababu yanasifu: ana rafiki, hutii, hufikiri kabla ya kutenda. Hapo kweli kabisa ni 0. Mkokotoaji akisahau, mtoto asiye na shida yoyote anaweza kubebeshwa alama 10. Kundi la wema nalo halijumlishwi; jumla ya shida hutoka makundi manne, 0 hadi 40. Swali lililoachwa wazi lisipewe sifuri: yakijibiwa angalau matatu ya kundi, gawa jumla yake kwa idadi ya yaliyojibiwa, kisha zidisha kwa 5.

Mipaka ya jumla ya shida ambayo mtoto akiifikia huhesabiwa yuko juu, 16 kwa mwalimu na 17 kwa mzazi, ilipangwa kwa watoto wa Uingereza. Tusiitumie kumpa jina mtoto wa Makunduchi au Wete. Mlinganishe na nafsi yake, mjazaji akiwa yule yule. Na kwa kuwa maswali yanahusu miezi 6 iliyopita, aliyelipokea darasa Januari asijaze Februari.

Chukua toleo lenye ukurasa wa nyuma, tafadhali. Linauliza shida imeanza lini, inamhuzunisha kiasi gani, na inamzuia wapi: nyumbani, darasani au mchezoni. Mwenye alama 13 anayeteseka anaweza kuhitaji msaada kuliko mwenye 18. Mwalimu wa chuoni (madrasa), aliye naye kila alasiri, naye ajaze. Mama asiyesoma asomewe swali kama lilivyo, faraghani, si getini mbele ya wazazi wengine.

Upungufu wake mkubwa: haliulizi udhalilishaji. Mtoto akiutaja, weka kalamu chini, msikilize, usimhoji. Mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, au piga 116, simu ya bure, na alama zingoje.