Siku nne Jambiani na mama: nyumba nzuri, ila uliza maji kwanza

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mbuyuni hapa Moshi. Mama yangu ana miaka 71, mzaliwa wa Kibosho, na mpaka Februari hii maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Bahari nilimwahidi zamani, tangu nikiwa najifunza kushona.

Tulifika Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, saa tano asubuhi. Basi kutwa nzima mpaka Dar es Salaam, tukalala, boti ya saa moja asubuhi, kisha gari zaidi ya saa nzima kutoka Mji Mkongwe. Mama akapita moja kwa moja mpaka ufukweni, akasimama, akaniuliza, "Sasa bahari iko wapi?" Mbele yetu mchanga mtupu, vidimbwi, ngalawa zimekaa pakavu, na mawimbi meupe mbali kule kwenye mwamba. Machozi yalinilenga. Wakala aliyetuuzia safari alisema tutaoga baharini saa yoyote tutakayo.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia ndiye aliyetutuliza. "Shikamoo bibi. Leo bamvua, maji yamekupwa. Saa kumi yatakuwa hapa ukutani." Na saa kumi yalikuwa ukutani, ya kijani kibichi, mama kashika kanga yake yamfika magotini, anacheka peke yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka mbali sana; katikati ni maji mafu, hayachezi hivyo. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Anayetaka kuogelea kutwa nzima aende Nungwi au Kendwa, kule kaskazini maji hayakimbii hivi.

Mimi bado ningemchukua mama Jambiani. Maji yakitoka, ndipo kijiji kinapoingia kazini. Asubuhi ya pili tulivaa viatu vya plastiki vya pale nyumbani (usiende peku, kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi) tukawafuata akina mama wa mwani. Wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, na kwenye kamba vipande vya mwani kimoja kimoja. Ukikomaa wanauvuna, wanauanika, unauzwa nje ya nchi. Humo hutoka kitu kinachotumika hata kwenye dawa ya meno. Mama akauliza bei ya kilo mkavu. Alipotajiwa, akaketi kwenye gunia lao akawaeleza habari za kahawa ya Kibosho, kuivuna, kuimenya, kuianika kwenye vichanja, halafu bei anapanga mwingine. Walielewana kana kwamba ni wa ukoo mmoja. Nilisimama juani karibu saa nzima nikiwasikiliza, na sikutaka waishe.

Nyumba yenyewe ina vyumba sita, safi, shuka zinanukia jua. Chakula ni cha kuagiza asubuhi ili upikiwe usiku. Pweza wa nazi alikuwa laini kabisa. Mama alimkataa, akaletewa changu wa kupaka na ndizi mbichi bila kuongezewa bei. Maji ya bomba yana chumvi, sabuni haitoi povu, na chandarua chetu kilikuwa na matundu mawili ambayo niliyashona mwenyewe. Hilo walirekebishe. Kijiji ni cha Waislamu, ukitoka ufukweni jifunge kanga. Boti usisahau kitambulisho cha NIDA, nauli ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni.

Ukienda na mzee, omba chumba cha chini cha mwisho upande wa bahari. Hakina ngazi hata moja, magoti ya mama yalipumzika, na alfajiri jua lilipochomoza majini aliliona akiwa bado kitandani.